Mtu Mzima Mmoja wa Nyumbani

Wenzangu mliobaki ofisini, mliniomba kabla sijakabidhi funguo niandike kidogo juu ya kazi ya utumishi jinsi nilivyoifanya. Nilidhani mnanitania, maana utumishi ni idara ambayo mtu huikumbuka akitaka likizo au akifiwa. Lakini tangu nistaafu asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Maharage yangu yanapaliliwa na watu wenye migongo mizima, nami nimekaa barazani na sweta mbili mwilini, nikiandika. Vyeo na mishahara sitagusa. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na jambo moja lililotugawa hadi watu wakawa wanakunywa chai kwa makundi. Wanaohusika nimewaomba ruhusa, na majina yao nimeyabadilisha. Mimi mnanijua, ni Mama Noela yule yule.

Nilifika shirikani kipupwe, upepo wa Ufipa ukipita kwenye nyufa za madirisha. Shirika letu, kwa wasiolijua, ni la kilimo na lishe. Makao makuu yako Ulaya, na sisi wa Sumbawanga tulishughulika na mbegu, ng'ombe wa kulimia na uji wa watoto. Ofisi ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma upande wa barabara ya Kaengesa. Afisa utumishi alikuwa Mzee Anselmi, mtu mrefu asiyevua koti lake la sufi hata jua likiwaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha taipureta, kabati la chuma na mhuri. Mhuri alisema nisiuguse mpaka aniambie.

Kabla ya saa ya chai aliingia mfanyakazi wa ghala kuomba ruhusa. Mtoto wake mchanga alikuwa amefariki alfajiri. Mimi, kwa bidii ya mtu mgeni, nikafungua kanuni nitafute kipengele cha siku za msiba. Mzee Anselmi alininyang'anya lile jalada taratibu, akalifunga.

"Kwanza pole," aliniambia. "Kanuni haziendi popote."

Akainuka, akampa yule baba mkono, wakaketi pamoja kwenye benchi wakazungumza Kifipa kwa sauti ya chini. Ruhusa iliandikwa baadaye. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kama mtasahau mengine yote, shikeni hilo.

Somo la pili alinipa wiki hiyo hiyo, baada ya kunisikia nikimhoji dada mmoja kwa nini anataka kubadilisha jina la mrithi wake. Alingoja dada aondoke. "Mama, ukimuuliza mtu swali, ujue jibu lake utalifanyia kazi gani. Kama huna kazi nalo, huo ni umbea wenye mhuri."

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya Shabani, dereva wetu. Shabani kwao ni Kasanga, ziwani, na ana wake wawili, wote wa halali, wanaoelewana kuliko wake wenza wengi na kuliko ndugu wengine. Kanuni yetu ya matibabu ilisema mfanyakazi, mwenza wake mmoja na watoto. Kila mwaka, wakati wa kuandikisha wategemezi ulipofika, Shabani aliketi mbele ya meza yangu akiwa amekunja uso.

"Mama Noela, nimwandike yupi?"

"Hilo siwezi kukuamulia, kaka."

"Bi mkubwa ana presha. Bi mdogo ana mimba. Sasa mnataka nirushe shilingi?"

Mzee Anselmi aliandika makao makuu kueleza kwamba sheria ya nchi yetu inawatambua wake wote wawili. Jibu lilikuja na heshima nyingi sana, na maana yake ilikuwa hapana. Shabani akamwandika bi mdogo, na bi mkubwa tukawa tunamchangia kila alipolazwa. Mzee Anselmi alistaafu jambo hilo likiwa bado linamkera. Alirudi kwao Kaengesa kulima ulezi, akaniachia kabati, taipureta na mhuri.

Sasa nije kwa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa mtaalamu wetu wa mbegu. Alitembea na buti zenye udongo, sweta yake haikukosa makapi ya ulezi, na wakulima wa kuanzia Msanzi hadi mjini walimwamini. Aliishi Kasense na mwanamke mwingine, Yasinta, mshonaji mwenye cherehani yake sokoni. Waliishi pamoja tangu wakiwa mabinti. Walijenga nyumba, wakafuga nguruwe, wakamlea binti wa marehemu kaka yake Yasinta mpaka akaenda chuo. Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Watu wa mtaani waliwaita masista wa Kasense, kwa utani usio na ubaya, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeolewa. Mimi niliwajua kama kila mtu alivyowajua, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Mwaka uliotuvuruga ulianza na mwongozo mpya wa watumishi kutoka makao makuu. Meneja aliniita, akafunga mlango, akanisomea ukurasa mmoja mara mbili kana kwamba mara ya kwanza macho yalimdanganya. Ulisema kuwa matibabu, likizo ya msiba na mafao mengine yatatolewa kwa mwenza wa mfanyakazi bila kujali kama wenza hao ni wa jinsia moja. Kila ofisi, katika kila nchi, ilitakiwa kuupitisha.

"Mama Noela," meneja alisema, "nikiupitisha huu, nitaenda kuueleza wapi? Kwa mkuu wa wilaya? Kwa baba paroko? Kwa mke wangu?"

Nilimwambia tulale kwanza, tutaamua kesho. Hakuna kati yetu aliyelala.

Siku hizo hizo Gaudensia akaja ofisini kwangu. Alikaa bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake. Yasinta alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali ya mjini ilikuwa imempa rufaa kwenda Mbeya, na kule matibabu yangekuwa marefu.

"Pole sana, mdogo wangu," nilisema.

"Dada," akasema, "nataka aingie kwenye matibabu yangu. Sina mume, sina mtoto. Ile nafasi imekaa wazi tangu niajiriwe."

"Nafasi ni ya mwenza."

"Najua ni ya nani." Alikuwa anatazama mikono yake. "Yasinta si ndugu yangu wa damu. Ukiniuliza ni nani kwangu, nitakwambia, kwa sababu sijawahi kukudanganya. Ndiyo maana nakuomba usiniulize."

Sikumuuliza. Lakini nilielewa mahali tulipofika. Mwongozo uliokuwa kwenye droo ya meneja ungempa Gaudensia alichotaka, kwa sharti la kuandika neno ambalo katika nchi yetu linaweza kumpeleka mtu polisi. Bila mwongozo, kanuni ya zamani ingemwacha Yasinta nje. Nilimwomba anipe muda. Akasema ugonjwa ndio hautoi muda, akainuka kwenda kupima mbegu.

Habari za mwongozo zilivuja, kama habari zote zinavyovuja kwenye ofisi iliyogawanywa vyumba kwa mbao nyembamba. Vijana, nawashauri mambo ya matibabu muyazungumzie nje, mkitembea. Meneja akaona bora aitishe mkutano. Tulikaa kwenye chumba cha mafunzo, wafanyakazi wote, thermosi za chai zikiwa mezani bila kuguswa.

Aliyesimama kwanza alikuwa Kalisti, mhasibu wetu, ambaye pia ni katekista. Msimdhanie vibaya. Kalisti ndiye aliyekuwa akibeba wagonjwa kwa baiskeli kabla hatujapata gari la pili.

"Mimi nimefunga ndoa mbele ya altare," alisema. "Nikitia saini hapa, nimekubali kwamba kile na hiki ni kitu kimoja. Siwezi. Sisemi kwa chuki, na sitaki mtu apigwe wala atukanwe. Nasema siwezi kukiri kwa mkono nisichokikiri kwa mdomo."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Binti mmoja wa idara ya lishe akasema kwamba kanisa lile lile linatufundisha kutazama wagonjwa, na halijasema tuwaulize kwanza wanalala wapi. Wengine wakaguna. Mmoja wa nyuma, mpenda mzaha, akasema hao watu wenyewe hapa Ufipa hawapo, kwa hiyo huo mwongozo utakaa bila mteja. Chumba kikacheka.

Nilimtazama Gaudensia. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatoa makapi kwenye mkono wa sweta yake, moja moja, anayaweka kwenye kiganja. Hakucheka, wala hakuonyesha kwamba hacheki na wenzake. Moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa namna ambayo sikutegemea kuumia kazini.

Ndipo Shabani akanyoosha mkono.

"Mimi naomba kueleweshwa," alisema. "Nina wake wawili. Serikali inawajua, msikiti unawajua, wakwe zangu wananijua vizuri mno. Shirika linamjua mmoja. Nimelia miaka yote, nimeambiwa kanuni ni kanuni. Leo shirika linataka kumtambua ambaye serikali haimtambui, na yule ambaye serikali inamtambua bado yuko nje anaumwa presha. Sipingi wala siungi mkono. Nauliza tu, kwa nini kila mara ni mtu wa mbali anayetuambia nani ni wa nyumbani kwetu?"

Meneja akasema chai inapoa. Tukatawanyika, na kuanzia kesho yake ndipo chai ikawa ya makundi.

Lile swali la Shabani lilinikaa. Nilianza kuwapitia wafanyakazi wetu mmoja mmoja kichwani. Mlinzi anakaa na mama yake kipofu, naye hakuwa na haki ya matibabu kwa kuwa si mke wala mtoto. Mpishi amemlea dada yake mwenye kifafa tangu wazazi wafe. Shabani na bi mkubwa. Gaudensia na Yasinta. Wote walikuwa na mtu mzima ndani ya nyumba, na kanuni yetu, ya zamani na mpya, ilikuwa inauliza jambo lisilohusiana na ugonjwa.

Nilikwenda Mbeya kumwona wakili wa shirika, Bi Leokadia, mwanamke mwenye maneno machache. Nilimweleza kila kitu isipokuwa majina.

"Sheria ya ndoa iko wazi," alisema. "Ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Sheria ya jinai nayo ina adhabu nzito, unaifahamu. Mkiandika neno hilo kwenye fomu ya mtu, mmempa yeyote anayemchukia pa kuanzia."

"Na kama hatuliandiki?"

"Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kumtibu mtu mzima anayeishi nyumbani kwa mfanyakazi. Mwajiri akitaka kumtibu mpangaji, shauri yake."

Nilirudi Sumbawanga kwenye basi nikiwa na sentensi moja kichwani. Nikaiandika, meneja akaisoma, akasema hii ni fupi mno kuwa kanuni. Ilisema: mbali na mwenza na watoto, kila mfanyakazi anaweza kuandikisha mtu mzima mmoja wa nyumbani kwake, na hataulizwa sababu.

Makao makuu walimtuma mama mmoja aje kuzungumza nasi. Nilitegemea mtu wa kutufokea, akaja mtu mpole aliyevaa koti jepesi lisilofaa kwa baridi yetu, nikamwazima shali. Aliisoma sentensi yangu, akasikitika.

"Ukiliondoa neno," alisema, "umewaficha watu hawa."

"Ukiliweka, umewafichua," nilimjibu. "Na wewe Ijumaa unapanda ndege."

Alikubali hilo kwa kichwa. Kisha akaniuliza, bila hasira: "Na siku atakapokuja mfanyakazi anayetaka kuandikwa kwa jina la kweli, kwa sababu amechoka kujificha, utamwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, na nawaachia ninyi hilo swali kwa sababu naamini siku hiyo ipo. Lakini yule mama alikwenda akatutetea. Makao makuu wakakubali ofisi yetu itumie sentensi yetu, na baadaye nikasikia ofisi nyingine wameiomba. Yeye namshukuru. Alikuwa na haki ya kung'ang'ania, akachagua kusikiliza.

Alibaki Kalisti. Meneja hakutaka kuipitisha akiwa na mhasibu aliyenuna. Tulimwita, akaisoma.

"Mlango huu si utawaingiza wale wale?" aliuliza.

"Utamwingiza na mama yake mlinzi," meneja akasema.

Kalisti aliomba apewe usiku mmoja wa kuifikiria. Asubuhi alipita mlangoni kwangu na mkoba wake wa ngozi. "Hapa siulizwi nikiri nisichokiamini," alisema. "Anatibiwa mtu mgonjwa. Sitapinga." Akaenda zake. Wengine wataona hilo ni dogo. Mimi niliyemjua Kalisti najua lilimgharimu, nikamheshimu.

Siku ya kuandikisha, foleni ilianzia kwangu ikaishia nje. Mlinzi alimleta mama yake kwa mkono, ingawa hakuhitajika kuja. Alitaka tu aone ofisi, akasahau kwamba haoni. Mama mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Shabani alimwandika bi mkubwa, kisha akasimama akiwa hajui pa kuweka mikono. Gaudensia alikuja wa mwisho. Nilimwandika Yasinta, nikagonga mhuri, nikampa kadi. Aliishika kwa mikono yote miwili, akasema asante kwa Kifipa, akatoka haraka.

Yasinta alitibiwa Mbeya muda mrefu. Nilikwenda kumwona mara moja, nikiwa na safari ya kikazi. Nywele zilikuwa zimetoka zote, naye alikuwa amejishonea kofia ya kitenge kwa mkono, nzuri kiasi kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameagiza zao. Gaudensia alikuwepo, amechukua likizo. Muuguzi aliingia, akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Tunakaa nyumba moja," Gaudensia alisema.

Muuguzi aliangalia kadi, akamwelekeza namna ya kumpa dawa ya kuzuia kutapika na saa za kumlisha. Yasinta alinitazama chini ya ile kofia.

"Mama Noela, nasikia uligombana na Wazungu kwa ajili yangu."

"Na mmoja tu. Na tuliazimana shali."

Alicheka hadi akashika kifua. Kisha akasema, taratibu, "Mwambie na yule katekista, nasali kwa ajili ya nyumba yake." Nilishangaa alivyojua. Gaudensia alikuwa anamweleza kila kitu, kama watu wa nyumba moja wanavyofanya.

Yasinta alipona. Daktari anasema aendelee kuonwa kila mwaka, naye huenda, lakini cherehani yake iko sokoni inalia kama zamani.

Muda ulipita, nikawa nakaribia kustaafu. Siku moja Kalisti akaingia ofisini akafunga mlango. Dada yake alikuwa ameachwa na mume huko Kalambo, amekuja na begi moja, na figo zinamsumbua.

"Ile nafasi," alisema. "Naweza kumwandika dada?"

"Lete jina lake."

"Hutaniuliza habari za mume wake? Kwamba ndoa bado ipo kisheria?"

"Kanuni inanikataza kuuliza."

Aliandika. Alipomaliza hakuinuka. "Siku ile ya mkutano," alisema, "yule aliyefanya mzaha kwamba hapa hawapo. Nilicheka. Mtu mwenyewe alikuwemo chumbani?"

"Tulikuwemo sote, Kalisti."

Akachukua mkoba wake, akainuka taratibu. Hakusema tena kitu juu ya hilo, wala mimi sikumsukuma. Imani yake haikubadilika. Mwulizeni, atawaambia mwenyewe. Lakini kuanzia wakati huo, gari la mbegu lilipoharibika njiani, yeye ndiye aliyekuwa akimsubiri Gaudensia getini na thermosi ya uji.

Mnaikumbuka sherehe yenu ya kuniaga, maana mlikula samaki wote, wale migebuka wa ziwani. Mliotoka mapema hamkuona sehemu niliyoipenda. Mshereheshaji alitaka kila mfanyakazi asimame ajitambulishe na aliyekuja naye. Meza zikaanza kuitikia. Meneja akasema huyu ni mke wangu, mama wa watoto wangu. Shabani akasema hawa ni wake zangu, nao wakainuka pamoja wamevaa sare, watu wakapiga vigelegele. Kalisti akasema huyu mke wangu, na huyu dada yangu.

Ikafika meza ya karibu na mlango. Gaudensia alisimama. Alikuwa amevaa gauni, jambo ambalo wengi wenu mlikuwa hamjaliona, la kitambaa kimoja na la mwenzake, na mshono ulionekana umetoka mkono mmoja. Mwanga wa ukumbi ulikuwa mkali. Nilishika kiti changu.

"Mimi ni Gaudensia wa mbegu," alisema. "Huyu ni Yasinta."

Akaishia hapo. Yasinta akainuka, akapunga mkono, akageuka pande zote ili aonwe na watu wote. Mkapiga makofi kama mlivyowapigia wengine, wala si zaidi wala si pungufu, na mshereheshaji akaenda meza iliyofuata.